Mashine Tuliyoizima Siku ya Matanga

Alhamisi, tarehe kumi na mbili mwezi wa sita, mume wangu alifariki nyumbani kwetu Bofu, Likoni, baada ya adhuhuri, akiwa ameketi kitini anavaa viatu. Hakuwa mgonjwa. Alisema kifua kimembana, akaniomba maji, na niliporudi na gilasi nilimkuta ameinamisha kichwa kama mtu anayetafuta kitu sakafuni. Kiatu kimoja kilikuwa mguuni, cha pili mkononi. Jioni ile ile tukaipoteza na sauti yake, na hilo tulilifanya wenyewe kwa mikono yetu, kwa nia njema.

Nieleze habari ya sauti. Mume wangu alikuwa mpiga video wa harusi. Alianza zamani, wakati wa kanda kubwa na kamera ya kubeba begani, na nyumba nyingi za Likoni bado zina kazi yake kabatini. Lakini mpiga video haonekani katika kazi yake mwenyewe. Kwenye kanda zote alizopiga hamna hata moja yenye uso wake. Kilichomo ni sauti: akikohoa, akimwomba shehe asogee, akimwambia mtu asipite mbele ya kamera. Picha zake chache zipo, lakini mamake, mavyaa wangu, ambaye twakaa naye, macho yake yameshafifia. Ukimpa picha aipapasa kwa kidole, kisha akurudishia. Sisi wawili hatukujaaliwa watoto, basi katika nyumba hii tulikuwa watatu, na mmoja wetu alimjua mwanawe kwa kumsikia tu.

Harusi zetu zina pande mbili. Upande wa wanaume ni nikahi na maulidi, na huko ndiko alikopiga yeye. Upande wa wanawake, bibi harusi akipambwa, wanawake wakiimba na kucheza bila buibui, mwanamume hatii mguu. Huko nilipiga mimi. Yeye alinifundisha kushika kamera kabla hajanifundisha kitu kingine chochote cha ndoa yetu. Nilisoma mpaka darasa la nane, nami sijui maneno mengi ya kitaalamu, ila mkono wangu ulitulia, na wenye harusi walinipenda kwa sababu mambo yao hayakutoka nje.

Kanda zilipoanza kuota ukungu aliniambia tuziingize zote kwenye kompyuta kabla hazijaoza. Alipata kompyuta kuukuu kutoka ofisi moja iliyokuwa ikibadilisha vitu vyake, akaiweka kwenye kona ya ukumbi, juu ya vipande viwili vya vigae ili mvua ikiingia isiiguse. Aliifunika kitambaa cha kufuma. Hewa yetu ya chumvi hula chuma, basi kila baada ya muda aliifungua akaisugua kwa brashi ya meno, taratibu, kama anayemsafisha mtoto masikio.

Kazi ya kuhamisha kanda za wanaume aliifanya peke yake. Za wanawake zilimtaabisha. Waya ni zake, deki ya kuchezea kanda ni yake, kompyuta yeye ndiye aliyeijua, lakini picha hazikuwa halali yake kuzitazama. Watu walikuwa wametupa amana. Basi alifanya hivi. Alifunga waya zote, akaniweka mimi mbele ya kioo cha kompyuta, naye akageuza kiti akaukabili ukuta, akiwa ameipa mgongo kazi yake mwenyewe. Sauti aliizima.

"Imekuja picha?" auliza.

"Imekuja."

"Ina mistari?"

"Ina mistari chini, kama mvua."

"Bonyeza kile kitufe cha kushoto, polepole. Sasa?"

"Imepungua."

"Nani yuwacheza?"

"Hayakuhusu hayo."

Acheka, mabega yatikisika, lakini shingo haigeuki. Tulikaa hivyo alasiri baada ya alasiri, mwaka mzima na zaidi. Mimi nimeishi na wanaume waaminifu, babangu alikuwa mmoja wao, lakini sijamwona mwingine aliyekuwa mwaminifu mbele ya ukuta mtupu, hali aliyekuwapo kumwona ni mkewe tu na mkewe hangemsema.

Kanda zote zilipoingia, akaweka kwenye kompyuta ile programu ya seva. Kwa msomaji asiyejua, seva kazi yake ni kutunza na kugawa. Kanda zakaa kwenye mashine moja, na simu yoyote iliyoruhusiwa yaweza kuagiza moja, na mashine ikaileta pale pale kupitia waifai, bila kuijaza simu yenyewe. Aliigawa seva pande mbili kama harusi. Upande wa wanaume ulifunguka kwa neno la siri lake. Upande wa wanawake aliniita mimi niliandike neno lake, naye akatoka nje kusimama barazani mpaka nikamaliza. Neno lile hakulijua mpaka amekufa.

Kisha ikaja habari ya simu ya mavyaa. Waliotengeneza seva wana programu yao ya simu, na kwenye simu ya mume wangu ilikwenda vizuri. Kwenye simu ya mamake, ambayo ni ya zamani, ilikokota. Herufi zake ndogo, vitufe vyake vidogo, na kioo kikizima, na sauti yazima. Mavyaa alitaka sauti tu. Alitaka kuwasikia dada zake waliokwisha kufa wakiimba kwenye harusi za zamani, na picha za kutembea hazikuwa na maana kwake.

Mimi nilidhani mambo yameishia hapo. Mume wangu akanieleza kwamba seva ile wenyewe wameiacha wazi, kwamba mtu yeyote mwenye ujuzi anaweza kutengeneza programu yake ya simu ya kuzungumza nayo, na wako watu huko duniani waliofanya hivyo, wengine bure. Akaanza kuzijaribu. Aliijaribu moja, akaifuta, akajaribu nyingine. Moja ilikuwa nzuri ila kila mara ilileta matangazo ya kamari, akaifuta siku ile ile. Moja ilikuwa nzuri kwa picha, hiyo akaniwekea mimi. Nyingine ilikwama kila stima ikipotea na kurudi. Jirani alimuuliza kwa nini hamnunulii mamake redio tu. Akamjibu, "Redio itamletea dada zake wakiimba?"

Mwishowe akaipata moja ya sauti peke yake. Nyepesi, haikuwa na mapambo, na ukiifungua ilikuendeleza pale ulipoishia. Nusu ya maneno yake yalikuwa ya Kiswahili. Mtu fulani alijitolea kuyafasiri kisha akachoka njiani. Ila kitufe cha kucheza kilikuwa kidogo, na mavyaa akikikosa alibonyeza cha kufuta. Basi mume wangu akamwandikia aliyeitengeneza. Kiingereza chake kilikuwa cha kubahatisha, kwa hiyo alimpelekea kwanza rafiki yake wa Changamwe, mtu wa bara aliyekuwa akimtengenezea kamera zake, amnyooshee. Alieleza kwamba ana mama asiyeona vizuri, na kwamba mama huyo hutumia programu kila siku baada ya alasiri, na je, kitufe kinaweza kuwa kikubwa?

Sikutegemea jibu. Sisi tuko Bofu, na yeye hata hatukujua yuko nchi gani. Lakini baada ya wiki chache programu ikajisasisha, na kwenye mipangilio yake pakawa na kitu kipya. Ukikiwasha, kioo chote kizima chawa kitufe kimoja: gusa popote yacheza, gusa tena yanyamaza. Mtu yule aliandika na maneno mafupi, kwamba amsalimie mama. Mavyaa tangu siku hiyo akimaliza sala humtia kwenye dua zake. Humwita "yule mwanangu wa kwenye simu".

Hivi ndivyo tulivyoishi. Baada ya alasiri mavyaa akaa kwenye mkeka karibu na mlango wa ua, simu mapajani, agusa kioo, na nyumba yajaa vigelegele vya wanawake wa zamani. Mume wangu akiwa nje na upande wa wanawake unasikika, alikohoa mlangoni asiingie.

"Mama, mko kwenye harusi?"

"Tuko harusini. Zunguka na njia zako."

Naye akazunguka akaketi barazani mpaka iishe.

Siku aliyokufa, wanawake wa mtaani waliingia kama kawaida, wengine kukunja viti, wengine kutandika majamvi, wengine kuweka sufuria motoni. Mavyaa alikaa katikati, mkavu, akatoa amri moja tu.

"Zimani kila kitu chenye kusema."

Kwetu nyumba yenye msiba haisikiki redio wala televisheni. Yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kuizima simu yake. Wakazima televisheni, wakazima redio ya jikoni, kisha mmoja wao akaona kitaa cha buluu chini ya kitambaa cha kufuma.

"Na hiki, bibi?"

"Chawaka?"

"Chawaka."

"Zima."

Wakachomoa waya ukutani. Mimi nilikuwa chumba cha ndani nimezungukwa na watu, na sikulijua hilo mpaka baadaye nilipoambiwa.

Siku zile za matanga nyumba ilijaa. Walikuja watu wa Shika Adabu, wa Mtongwe, wa Kiembeni, wa Kisauni, kila mmoja na simu yake, na mume wangu tangu zamani hakuwahi kumnyima mgeni waifai. Neno la siri la waifai lilibandikwa ukutani juu ya ruta, kile kisanduku kinachoigawa. Baada ya hitima ya siku ya tatu mpwa wa mume wangu akapiga simu kutoka Maskati akitaka kumpa bibi yake pole, na ndipo mtu akaiwasha tena simu ya mavyaa. Nayataja haya kwa sababu baadaye yalikuwa na maana.

Wageni wakaondoka. Mimi nikabaki katika eda yangu, na mavyaa katika kimya chake. Hakulia. Alikula kidogo, kwa kunionea huruma mimi niliyepika. Baada ya alasiri alikuja kukaa pale pale kwenye mkeka, simu mapajani, mikono juu yake, asiiguse.

Siku moja akaniita.

"Mkaza mwanangu."

"Abee."

"Ile mashine yake waliitupa?"

"Hawakuitupa, mama. Waliizima tu."

"Nani aliwaambia waizime?"

Yeye akajijibu mwenyewe.

"Ni mimi." Kisha akauliza, "Sauti yake imo mle?"

"Imo, inshallah."

"Basi iwashe. Si ngoma hiyo. Nataka kumsikia mwanangu."

Nikarudisha waya ukutani. Kitaa cha buluu kikawaka na mashine ikaanza kunguruma, nami nikashukuru. Nikaifungua programu kwenye simu ya mavyaa. Ikafikiria sana, kisha ikaandika: Imeshindwa kuunganisha na seva. Nikajaribu yangu, ile ya picha. Ikakataa pia. Nikaizima mashine nikaiwasha tena, kwa sababu hilo nililiona likifanywa. Ikakataa.

"Vipi?" akauliza mavyaa.

"Bado inaamka."

"Imelala sana."

Kesho yake ikawa vile vile, na kesho kutwa. Nilikaa mbele ya mashine ile nikijua mambo mawili tu: kwamba ilikuwa na kila neno alilolisema mume wangu nyuma ya kamera, na kwamba sikuwa na nakala mahali pengine popote. Na wakati huo nilikuwa namsikia mavyaa nyuma yangu akipumua.

"Usinifiche," akasema. "Imekufa na yeye?"

"Sijui, mama. Wallahi sijui."

Nikampigia yule rafiki wa Changamwe. Mume wangu alikuwa amemfungulia njia ya kuufikia upande wa wanaume kutoka kwake, kwa sababu walikuwa wakipanga kazi pamoja. Nikamweleza. Akasema, "Shemeji, mimi niliona imepotea tangu ile Alhamisi. Nikajua mmefunga kwa sababu ya msiba. Singeweza kuuliza."

Baadaye niligundua hakuwa peke yake. Mpwa wa Maskati naye alikuwa na programu kwenye simu yake, na binamu yake mmoja wa Kiembeni pia. Wote waliona imenyamaza, na wote wakaona ni adabu kunyamaza. Sisi tulizima kwa heshima, nao wakatuachia kwa heshima, na lau mavyaa asingeuliza, ingekaa pale kwenye kona ikiliwa na chumvi.

Rafiki yule wa Changamwe akaja kesho yake mchana na pikipiki kwa njia ya Dongo Kundu. Mimi niko edani, na mwanamume asiye maharimu siketi naye, kwa hiyo aliketi barazani nje, pazia la mlango likashushwa, mimi nikakaa ndani sakafuni mbele ya mashine, na mavyaa akakaa mlangoni kabisa, nusu ndani nusu nje, kama askari wa lango.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja na vyombo vyako?"

"Nimekuja navyo. Lakini kwanza wacha nisikie. Shemeji, weka sikio karibu na hiyo mashine. Inanguruma, ama inagonga?"

Nikaweka sikio. Niliogopa kujibu upesi.

"Yanguruma."

"Inanguruma tu? Haigongi kama mtu anabisha mlango?"

"Haigongi."

Akapumua kwa nguvu mpaka pazia nadhani lilitikisika. "Hiyo ni salama. Ingekuwa inagonga, ningekuwa na maneno ingine ya kuwaambia."

"Maneno mengine," akasema mavyaa.

"Mengine, mama."

"Miaka yote uko pwani na bado wasema kama uliyeshuka gari moshi jana."

"Ni mtoto wako alinifundisha vibaya."

"Mwanangu alikuambia sawa, wewe ndiye uliyesikia vibaya."

Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba nimsikie mavyaa akimchokoza mtu. Nikanyoosha mkono kando ya pazia kumpa mgeni wetu simu yangu aitazame mwenyewe. Akaikataa.

"Hapana, shemeji. Hiyo simu ina upande wa akina mama. Usinipe. Wewe soma, mimi nitakuambia."

Sikuwa nimemwambia habari hizo. Mume wangu ndiye aliyemwambia, wakati fulani, na yeye akazishika. Alijipanga barazani akitazama barabara, mgongo wake kwa mlango, na nilipochungulia pembeni mwa pazia nikauona mgongo ule, nikakumbuka mgongo mwingine.

Basi nikasoma. Akaniambia niifungue mipangilio ya programu mahali palipoandikwa anwani. Palikuwa na safu ya namba na vitone. Nikamsomea. Kisha akaniambia niifungue ruta kwa simu, akanitajia cha kuandika, polepole, na nikaona majina ya vitu vyote vilivyounganishwa nyumbani, kila kimoja na namba yake. Nikamsomea vyote.

"Hiyo namba ya kwanza uliyonisomea, ile ya kwenye programu, hapo kwa ruta iko na nani?"

Nikatafuta. "Iko na simu ya mama."

Akacheka kidogo. "Na mashine iko na namba gani?"

Nikamtajia. Ilikuwa tofauti kabisa.

"Basi hakuna kitu imekufa," akasema. "Mama, sikiza nikueleze. Kwa harusi, si kila mtu anapewa kiti? Hii ruta ndiyo inagawa viti. Mashine ilikuwa na kiti yake siku zote. Mkaizima. Wageni wakaja na simu zao, wakapewa viti, hata kiti ya simu yako ikachukuliwa na mgeni, maana ulikuwa umeizima. Siku ikawashwa, ikatafuta mahali pa kukaa, ikapewa kiti iliyokuwa wazi. Na hiyo ni ya mashine. Mashine nayo ikirudi ikakaa kwingine. Sasa programu zinaenda kuita pale pa zamani, na pale pa zamani ni wewe umekaa."

Mavyaa alilifikiria. Aliishika simu yake kwa mikono miwili.

"Kumbe nimekalia kiti cha mwanangu."

"Umekikalia, mama. Hukujua."

"Nami namtafuta na huku nimemkalia." Hakucheka wala hakulia. "Haya, niondoe."

Akanielekeza. Ilitakiwa simu ya mavyaa itoke kwanza, kisha mashine ipewe namba yake ya zamani na ifungiwe isipewe mwingine hata tukizima siku ngapi. Nilikosea mara mbili, akanirudisha nyuma bila kuonyesha kuchoka. Alikuwa na njia ile ile ya mume wangu ya kuuliza "Sasa unaona nini?" badala ya kuuliza kama nimeelewa. Nafikiri walijifunza kwa kuulizana.

Ikafika mahali akasema, "Funga programu, fungua tena."

Nikaanza na simu ya mavyaa. Ikafikiria. Kisha majina yakaanza kushuka, harusi moja baada ya nyingine, za Bofu, za Mtongwe, za Shika Adabu, na mtindo ule wa mume wangu wa kuandika jina la nyumba kwanza na la bwana harusi baadaye. Juu kabisa pakaandikwa: Endelea ulipoishia.

"Imerudi," nikasema.

Kutoka barazani akasema, "Alhamdulillahi," yeye ambaye kwao husali kanisani, na mavyaa akamwitikia.

Nilitarajia aondoke. Nilimsikia akikusanya vyombo vyake ambavyo hakuvitumia hata kimoja, bisibisi zikigongana ndani ya mfuko. Kisha zikanyamaza.

"Mama, mnaweka upande gani?"

"Wa wanaume. Kwa nini?"

"Naweza kukaa nisikie kidogo? Nikiwa hapa hapa nje."

"Kaa," akasema mavyaa. "Alikuwa mwenzio. Mkaza mwanangu, mpe kahawa."

Nikapitisha kikombe chini ya pazia. Kisha nikaitafuta kanda moja niliyoijua. Ilikuwa harusi ya mpwa wake, yule yule wa Maskati, asubuhi ya kumtoa bwana harusi nyumbani. Hapo mlangoni kina mama walisimama na buibui zao kumzunguka kijana kabla hajakwenda msikitini, kwa hiyo mume wangu aliwapiga wote pamoja, naye mamake akiwa miongoni mwao, wakati macho yake yangali mazima. Simu nikaiweka mapajani mwa mavyaa, aliyekuwa amerudi ndani kwenye mkeka wake. Yeye ndiye aliyegusa kioo.

Ikaanza na kelele za watu na mlango wa gari kufungwa. Mtu akataja udi. Mtoto akalia akanyamazishwa. Kisha karibu sana, karibu kuliko wote, kama kawaida ya mwenye kushika kamera, akakohoa. Nakijua kikohozi kile. Mavyaa akainua uso.

"Jamani, tusogee kidogo," mume wangu akasema. "Bwana harusi, simama wima, huendi kufungwa. Haya. Shangazi, hapo hapo pazuri." Watu wakacheka. Mmoja akamtania kwamba amekuwa mkali kama mwalimu wa chuo cha Kurani. Naye akawajibu kitu ambacho kelele zilikimeza, kisha akaita.

"Mama. Mama, uko gizani hapo. Sogea huku kidogo, kwenye mwanga, nikupate vizuri."

Mavyaa akaweka kiganja chini, akajiinua kidogo kutoka kwenye mkeka, simu akiishika kwa mkono wa pili isianguke, akasogea upande wa mlango, mpaka jua la alasiri likampata usoni.